Maziwa Miguuni pa Mzee Yegor

Habari hii nilipewa na Tuyaara mwenyewe, yule inspekta, mwaka alioacha kazi akarudi kuishi kwetu. Tulikuwa ziwani tukikata barafu ya kunywa, yeye akipiga sururu na mimi nikivuta kamba, na kila bonge lilipotoka, na yeye alitoa bonge lake la maneno. Nami nayaandika kama nilivyoyapokea.

Basi, Tuyaara alipofika kijijini, Mzee Yegor alikuwa na siku ya tatu tangu afe. Alikufa kwa baridi, lakini hakufia porini wala mtoni. Alifia ndani ya gari, kwenye kiti cha abiria, akipelekwa hospitali ya mjini kutibiwa kifua. Gari lilikuwa la ushirika wa wafuga farasi, lile la kijivu ambalo kila mtu aliliita Mkate kwa umbo lake. Dereva alikuwa mpwa wake, Ignat. Na hita ya gari hilo ilikuwa imetoka kutengenezwa wiki ileile na fundi Kharlampy.

"Kwa hiyo kesi ni nyepesi, Afande," alisema Nyurgun, polisi wa pale kijijini, akifungua mlango wa Mkate uani kwa ushirika. Tangu liliporudi na maiti, gari halikuwashwa wala kuguswa. "Tazama mwenyewe."

Injini ya Mkate imo ndani, katikati ya viti viwili vya mbele. Nyurgun akainua kifuniko chake na kuonyesha kwa kidole cha glavu. Kulikuwa na bomba jipya, limefungwa vizuri kwa waya, likishuka mpaka chini miguuni kwa abiria. Na juu ya bomba, koki.

"Imefungwa," alisema Nyurgun. "Maji ya moto hayapiti. Fundi katengeneza, kasahau kufungua, mzee kaganda kama samaki wa sokoni. Lori la makaa linarudi mjini kesho jioni. Namweka Kharlampy humo, na sisi tunakula chakula chetu."

Kharlampy alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi, katika baridi ambayo pumzi ilikuwa ikilia masikioni kwa kuganda. Mtu mrefu, mikono myeusi kwa grisi.

"Vaa kofia yako, fundi," alisema Tuyaara. "Masikio ukiyaacha hapa hutayakuta tena. Koki hii uliiachaje?"

"Wazi, Afande. Nilimketisha Mzee Yegor palepale, nikamwambia avue kiatu asikie. Miaka yote watu wa Mkate wanachemka kichwa huku miguu imekufa. Mimi nikashusha bomba hadi chini. Mzee akaweka mguu, akacheka. Akasema sasa nitazeeka vizuri."

"Nani mwingine aliona?"

"Hakuna."

"Kwa hiyo shahidi wako ni marehemu."

Kharlampy akatazama theluji. "Watu wamenirudishia majiko niliyowatengenezea," alisema. "Mke wangu ameyapanga ukumbini. Kesho nikipanda lile lori, Afande, hata nikirudi, hapa sitashika spana tena."

Tuyaara akaipiga picha koki ilivyo, kisha akaizungusha kuona kama haijakwama. Ilizunguka laini. Akaiacha wazi, akamwambia Nyurgun afunge milango na gari lisiwashwe mpaka asubuhi.

"Lakini litaganda hadi utumbo," alisema Nyurgun.

"Ndivyo ninavyotaka."

Ignat alikuwa uani kwa mjane, Mama Agafya. Tangu msiba hakutoka pale. Alipasua kuni mpaka rundo likapita dirisha, na bado alikuwa akipasua. Kijana mpana wa mabega, macho mekundu. Tuyaara akakaa juu ya gogo.

"Hita ilikufa wapi?"

"Kabla ya makaburi. Hata kijiji hatujakimaliza."

"Na hukurudi."

"Mjomba alisema twende. Alikuwa na hamu ya dawa. Nikampa koti langu." Hilo lilikuwa kweli, mzee alikutwa na makoti mawili, na Ignat ncha za masikio yake zilikuwa zimebabuka kwa baridi. "Tulipovuka mto nikamwita, haitiki. Nikageuza."

"Injini uliizima mahali popote?"

Ignat akacheka, cheko lisilo na furaha. "Afande, nizime injini mwezi wa kwanza? Nimezaliwa hapa. Anayezima injini mwezi wa kwanza ni mgeni wa Moscow, au ni mwendawazimu."

"Kwa hiyo iliunguruma toka hapa, ikavuka mto, ikarudi hapa."

"Bila kukata."

"Mlisimama?"

"Nilikojoa. Hilo nalo ni kosa?"

"Koki ya hita uliigusa?"

"Sikuigusa. Ningejua imefungwa si ningeifungua?"

Shoka likashuka, gogo likapasuka vipande viwili sawasawa. Tuyaara akainuka, akafuta theluji kwenye koti lake. Jibu lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri zaidi kidogo kuliko lilivyohitajika.

Mama Agafya alimngoja mlangoni. "Utalala hapa," alimwambia. "Kijiji hiki hakina hoteli. Kina mimi."

Alimpa chai nyeusi na kipande cha nyama ya farasi, kisha akarudi kwenye kiti chake dirishani. Kila gari lilipopita alinyoosha shingo, hata lilipokuwa mbali.

"Tangu lini hujalala, Mama?"

"Tangu alipoondoka. Mwanamke wa dereva na mwanamke wa msafiri hawalali mpaka wasikie injini. Sasa injini imesharudi, na masikio yangu bado hayajaambiwa."

Tuyaara akaomba vitu vya marehemu. Vilikuwa stoo, kwenye baridi, havijaguswa: kofia, viatu vya manyoya, na gunia dogo.

"Hilo ni la maziwa," alisema Agafya. "Alikuwa akimpelekea binti yetu aliye mjini. Nilimwambia, weka nyuma, akasema nyuma kuna petroli yatanuka. Akayashika katikati ya miguu kama mtoto anayeshika ndama."

Ndani mlikuwa na sahani tatu za maziwa, yaani maziwa yaliyogandishwa bakulini yakatolewa bapa kama sahani, kila moja na kijiti kilichogandia katikati cha kushikia. Mbili zilikuwa mviringo, safi. Ya tatu, ya chini, Tuyaara alilazimika kuibandua kwenye gunia. Upande mmoja ulikuwa umelegea na kushuka kama uso wa mtu aliyelala vibaya, kijiti kimeinama, na tumboni imeshika mistari ya mpira wa sakafu ya gari. Kisha ikaganda tena hivyohivyo.

"Nani kayalaza maziwa yangu?" aliuliza Agafya, akiyaona kwa mara ya kwanza. "Bakuli langu ni lilelile tangu nilipoolewa. Halitoi kitu cha namna hii."

"Uliyaingiza ndani, Mama? Hata mara moja? Karibu na jiko?"

"Niyaingize kwa ajili ya nani? Anayekunywa chai ya maziwa nyumba hii alikuwa mmoja."

Tuyaara akaifunga ile ya tatu kwenye kitambaa. "Naomba uniazime na hizi mbili," alisema. "Moja nitairudisha."

Asubuhi, mwanga ulipokuja, Mkate ulikuwa umegeuka jiwe. Tairi zimekuwa bapa upande wa chini, vioo vimeota manyoya ya barafu ndani na nje. Nyurgun alisukuma jiko la pampu, lile la kupashia injini moto, chini ya gari, wakalifunika gari kwa blanketi nzito, wakangoja, miguu ikirukaruka. Kharlampy alisogea kusaidia.

"Wewe usiguse kitu," alisema Tuyaara. "Panda nyuma ukae. Nyurgun, wewe kiti cha mzee. Sahani hii ya maziwa iweke katikati ya miguu yako, ndani ya gunia."

"Afande, mimi ni polisi au ni mfugaji?"

"Leo wewe ni Mzee Yegor."

Nyurgun akatema mate juu ya bega la kushoto kufukuza mkosi, akaketi. Tuyaara akapanda kwenye usukani. Akainua kifuniko, akaingiza mkono mara moja, akakirudisha, akawasha. Stata ikalia kama ng'ombe mgonjwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Ya tatu injini ikashika.

Hakuondoka. Alikaa, mkono wake wa kulia ukiwa hewani, akiutazama.

"Nyurgun. Jana niliiacha koki vipi?"

"Wazi. Niliona."

"Na sasa hivi?"

Nyurgun akainua kifuniko, akachungulia. "Umeifunga."

"Nimeifunga. Sikufikiri hata kidogo. Baba yangu alinifundisha hivyo kabla sijafika kwenye pedali. Kwa nini nimeifunga?"

"Si injini ni baridi? Ukiiachia hita mapema inakunywa joto lote, injini yenyewe inabaki mtoto, inakufa njiani. Unafunga kwanza, injini inapata moto, halafu ndio unafung..." Mdomo wa Nyurgun ulibaki wazi na mvuke ukitoka.

"Malizia."

"Anayefunga koki ni mwenye injini baridi."

"Na ya Ignat haikukata kuunguruma."

Nyuma, Kharlampy alisogea ukingoni. Ulisikika ubao wa kiti ukilia chini yake.

Lakini Nyurgun hakuwa mtu wa kushindwa upesi. "Ngoja, Afande. Labda aliifunga hapahapa, asubuhi ile akiwasha. Akasahau kufungua, akaondoka hivyo. Hapo hita imekufa kabla ya makaburi kama alivyosema. Ni uzembe, lakini si uongo."

"Ndiyo maana umebeba maziwa," alisema Tuyaara.

Mshale wa kipimo cha joto la injini ulipopanda akaifungua koki, wakaondoka.

Walipopita makaburi pumzi zao bado zilikuwa nyeupe, na Tuyaara aliendesha akichungulia kwenye kitundu alichokikwangua kiooni kwa kucha. Bomba la Kharlampy lilikuwa likipuliza hewa ya uvuguvugu, kama pumzi ya mbwa. Nyurgun alitoa maziwa, akayagonga kwa kifundo cha kidole. Yalilia kama ubao. Walipofika kwenye msonobari uliopinda, kioo cha mbele kilikuwa kimefunguka kwa chini, upana wa viganja viwili.

"Maziwa?"

"Mawe."

Wakaendelea. Barabara ikashuka mabondeni, ikapanda. Nyurgun akafungua koti. Baadaye akavua kofia. Wakati huo kioo kizima kilikuwa wazi, na juu ya dari barafu ya pumzi zao ilianza kudondoka shingoni.

"Afande," alisema Nyurgun, kwa sauti ya mtu anayekiri, "miguu yangu inatoka jasho."

"Sijakuuliza miguu."

Akainama. "Yanatoa jasho na yenyewe."

Sahani ililegea walipouona mto. Haikuyeyuka ikamwagika, ilishuka tu upande uliotazama bomba, kijiti kikainama. Tuyaara alisimamisha gari bila kuzima, akaifungua ile ya kwenye kitambaa, akaziweka pamoja magotini kwa Nyurgun. Zilikuwa kama mapacha.

"Hita ya fundi ilifanya kazi toka kijijini mpaka hapa," alisema. "Mzee alifika mtoni miguu yake ikiwa na joto. Ignat anasema ilikufa kabla ya makaburi."

Kharlampy aliuvuta ukosi wa koti ukaficha uso. Gari lilipoingia juu ya barafu ya mto alisema neno lake la kwanza asubuhi ile. "Piga honi, Afande. Mto unasalimiwa."

Tuyaara akapiga honi, ndefu, kama madereva wote wa kwetu wanavyofanya wakivuka. Sauti ikaenda ukingo wa pili ikarudi.

Ng'ambo kuna kibanda cha magogo ambacho wachungaji na madereva hupumzikia. Hapakuwa na mtu. Mezani palikuwa na magamba ya samaki aliyekatwa mbichi, na chupa mbili chini ya benchi. Hayo si kitu; kila kibanda kina chupa. Tuyaara alitoka akazunguka nje, taratibu, macho chini. Mahali magari yanapoegeshwa alichuchumaa.

"Njooni."

Juu ya theluji palikuwa na duara jeusi la masizi, upana wa sinia, na katikati barafu iliyoyeyuka ikaganda tena. Pande mbili za duara, alama za tairi zilizokaa mpaka zikazama.

"Jiko la pampu," alisema Nyurgun. "Hapa mtu ameamsha injini iliyokufa."

Waliporudi, Tuyaara aliifunga koki, na Nyurgun akashika sahani ya mwisho ya Agafya miguuni njia nzima, kofia imerudi kichwani. Ilifika kijijini ngumu, mviringo, bila hata jasho. Joto la injini peke yake haliwezi kuyalaza maziwa. Hilo nalo Tuyaara alitaka alione kwa macho.

Ignat alikuwa bado na shoka. Tuyaara alimwita ndani. Agafya alikuwa dirishani, Kharlampy akabaki amesimama mlangoni kama mtu asiye na hakika amealikwa, Nyurgun nyuma yake. Tuyaara aliziweka sahani tatu mezani: ya marehemu, ya asubuhi, na ile iliyorudi nzima.

"Kaa, Ignat. Unajua hizi ni nini?"

"Maziwa ya Mama."

"Hii ilikuwa miguuni kwa mjomba wako. Imelala. Nani aliilaza, kama hita ilikuwa imekufa?"

Ignat akaigeuza sahani mkononi.

"Sijui."

"Koki ilikutwa imefungwa. Kharlampy hakuifunga; maziwa yanasema. Nani mwingine alikuwa na sababu ya kuifunga?"

"Afande, mimi..."

"Kibandani kuna masizi, Ignat. Kila anayesimama pale anaacha injini iungurume. Ya nani ilihitaji jiko?"

Agafya hakugeuka kutoka dirishani. "Mjibu mgeni," alisema.

Njia ya mwongo fupi. Ya Ignat iliishia pale, kwenye meza ya mke wa mjomba wake.

"Sikuizima," alisema. "Naapa, Mama, hilo ni kweli, sikuizima. Walikuwepo madereva wa bonde la juu, wana samaki, wana chupa. Mjomba alikuwa amelala, nimemfunika, kuna joto, gari linaunguruma. Nikasema glasi moja. Mkate una matangi mawili. La kwanza likiisha unageuza koki ya mafuta, unaendelea. Mimi sikugeuza. Nilikuwa ndani, redio inapiga kelele. Liliisha lenyewe, likanyamaza, na mimi sikusikia."

"Ulipotoka?"

"Kimya. Niliposikia kile kimya tu nilijua." Alishika ukingo wa meza. "Nikavua koti nikamfunika. Nikawasha jiko. Nikafunga koki, mkono ulifunga wenyewe. Ilipowaka sikukumbuka kufungua. Nilikuwa namtazama yeye. Nilirudi njia nzima nikimsemesha."

"Na Kharlampy ulitaka apande lori."

Ignat hakumtazama fundi. "Mliposema koki, nikaona mlango wa kutokea. Nikapita."

Tuyaara alikuwa amekunja mikono. Swali lililobaki halikuwa la kesi, lakini alijua likibaki litamla mjane. "Mzee Yegor aliamka, Ignat? Kabla?"

Kuni zilipasuka jikoni. Ignat akainamisha kichwa.

"Honi," alisema. "Ilipigwa honi. Ndefu. Sote tuliisikia pale mezani. Nikasema, nani huyo anavuka, anausalimia mto kwa adabu hivi. Nikainua glasi. Nikanywa kwa afya yake."

Mama Agafya aliondoka dirishani, akaja mpaka mezani, akasimama mbele ya mpwa wa mume wake.

"Ni yeye aliita," alisema.

"Aliita, Mama."

"Kwa hiyo hakufa usingizini kama ulivyoniambia."

"Hapana, Mama."

Aliinua mkono, na Nyurgun akadhani atampiga. Aliunyoosha tu, akachukua glavu za Ignat zilizokuwa juu ya jiko zikikauka, akamrushia kifuani. "Vaa," alisema. "Lori la makaa ni baridi. Na zile kuni za nje sitaziwasha. Utamtafuta mtu azibebe."

Jioni lori lilikuja. Nyurgun alimpandisha Ignat, akapanda naye. Kabla ya kufunga mlango alishuka tena, akamwendea Kharlampy, akapangusa pua kwa glavu. "Fundi, ukipata nafasi, gari langu nalo halina joto miguuni."

"Lete wiki ijayo," alisema Kharlampy, na hakucheka mpaka lori lilipoondoka.

Majirani walikuwa wamekusanyika kando ya uzio, wale wale waliorudisha majiko. Mama Agafya alitoka hadi getini akasema kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu: "Kharlampy. Kesho njoo unitazamie jiko langu. Linatoa moshi."

Jiko la Agafya halikuwahi kutoa moshi, na kila mtu pale alijua.

Ndani, Tuyaara aliifunga sahani ya marehemu na ile ya asubuhi, ziende na kesi. Ile nzima aliirudisha kama alivyoahidi. Agafya aliiweka sufuriani, akaitazama ikilegea, ikizunguka, ikiwa maziwa tena. Kijiko cha kwanza aliumiminia moto wa jiko, kama ilivyo desturi yetu. Kisha akamimina kwenye chai, vikombe viwili, na cha kwake alikinywa chote, polepole, akiwa ameketi kitandani, upande wa mume wake.

Barabarani lilipita gari. Tuyaara alimwangalia. Agafya hakunyoosha shingo. Alivua kilemba, akalala chali, na kabla gari halijafika kona ya mwisho alikuwa anakoroma taratibu.

Tuyaara alisubiri hadi sauti ya injini ipotee kabisa. Akaongeza gogo moja kutoka kwenye zile kuni za zamani, akasogeza miguu karibu na jiko, naye akalala.